Namna ya Kuanza Kujifunza Kinuosu

Anayesema anataka kujifunza "Kiyi" hana tofauti na anayesema anataka kujifunza Kibantu. Serikali ya China huwahesabu Wayi kuwa kabila moja, lakini wanaisimu huzigawa lugha zao katika makundi sita, na wasemaji wa kundi moja mara nyingi hawaelewani na wa jingine. Mwongozo huu unahusu kundi la kaskazini, yaani Kinuosu, chenye wasemaji wapatao milioni mbili, wengi wao wakiishi katika milima ya Liangshan, kusini mwa jimbo la Sichuan.

Kabla ya kununua kitabu chochote, chagua lahaja. Shengzha ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa matamshi ya wilaya ya Xide ndiyo msingi wa Kinuosu sanifu. Yinuo husikika Meigu, na Suondi na Adu upande wa Butuo. Wenyeji wenyewe hutambuana hata kwa upana wa miguu ya suruali, ambayo ni mipana mno kwa Wayinuo na myembamba kwa Wasuondi. Hata hivyo, ukimpata mwalimu wa Butuo, mfuate yeye, kwani sauti ya mtu aliye mbele yako inafaa kuliko usanifu wa kitabuni.

Hatua ya pili ni toni, yaani kiwango cha sauti kinachobadilisha maana ya neno, na hapa usiharakishe. Katika maandishi ya Kilatini, herufi t, x na p zinazofunga silabi hazitamkwi kamwe: t ni toni ya juu, x ya juu kiasi, p ya chini inayoshuka, na silabi isiyo na alama ina toni ya kati. Kwa hiyo *cy* ni "yeye", ilhali *cyp* ni "moja". Silabi zote huishia kwa irabu, jambo lisilomsumbua Mswahili, na nb hutamkwa kama mb yetu. Kinachotatiza ni b, ambayo ni p isiyo na mpumuo, yaani isiyofuatwa na pumzi. B yetu huandikwa bb.

Mwandiko wa asili uache mpaka sikio lizoee. Ule uliosanifishwa mwaka 1980 kutokana na maandishi ya makuhani waitwao bimo una alama 819, kila moja ikiwa silabi nzima pamoja na toni yake. Silabi zenye x huongezewa kijitao juu ya alama nyingine. Anza na ꋌ (*cy*) na ꋍ (*cyp*), uone jinsi toni inavyobadilisha umbo lote.

Kisha tunga sentensi, ukikumbuka kwamba kitenzi hukaa mwisho: *nga zza zze*, neno kwa neno "mimi chakula kula". Ukanushaji ni *ap*: *nga zza ap zze*, "sili chakula". Kitenzi kikiwa na silabi mbili, *ap* huingia katikati yake, kabla ya silabi ya mwisho, na wageni wengi huiweka mwanzoni kwa mazoea.