Kupokea Waliohamishwa na Maafa Mahali Penye Kipindupindu

Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu mabomba ya maji ya Goma, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na siku chache baadaye, wakazi walipoamriwa kuhama, wengi wao walikimbilia Sake, mji ambao kipindupindu hakikuwa kigeni kwake. Anayepokea watu katika hali kama hiyo asisubiri majibu ya maabara ndipo achukue hatua, kwa kuwa dalili huweza kujitokeza ndani ya saa chache au hata siku 5 baada ya maambukizi, na wengi wanaobeba vimelea hawaugui kabisa.

Maji ndiyo ya kwanza. Kiwango kinacholengwa ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Pale watu wanapochota ziwani, mweke ufukweni mhudumu mwenye klorini iliyokwisha kuyeyushwa, ambaye ataipima kwa bomba la sindano na kuitia katika kila dumu linalojazwa, kisha amwambie mchotaji asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Kipimo hicho si kilekile siku zote: baada ya mvua, maji yenye tope humaliza dawa upesi, kwa hiyo yachujwe kwanza na kipimo kikadiriwe upya. Mhudumu huyo alipwe, maana kusimama hapo tangu alfajiri hadi jioni si kazi ya kuombwa kwa hisani.

Vyoo ni kazi ngumu zaidi Goma, kwa sababu mwamba wa lava hauchimbiki kwa jembe. Jenga vyoo vilivyoinuliwa, angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kabla ya kimoja kutumika, ijulikane nani atakiondolea uchafu na ataupeleka wapi.

Mgonjwa anayeharisha maji matupu aanze kunywa ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, palepale alipo. Pakiti zikikosekana, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Aliyelegea, au anayetapika kila anachokunywa, apelekwe kituoni bila kuchelewa, akiendelea kunyweshwa njiani kidogo kidogo maadamu ana fahamu. Mtoto anyonye kama kawaida.

Wakati wa kuandikishwa, watoto wa miezi 6 hadi miaka 15 wapewe chanjo ya surua, ambayo husahauliwa kipindupindu kinapotawala mazungumzo. Watu wakianza kurudi makwao, vituo vya afya vya huko viarifiwe kabla hawajafika.