Somo: Kuivunja 720,720 bila kikokotoo

Shika kalamu na karatasi, simu iache mfukoni. Hapa Nairobi wengi wataidhani 720,720 ni mwanzo wa laini ya mtu, lakini kwa wapenda hesabu ni namba tajiri ajabu.

Hatua ya 1. Gawa kwa 2 mpaka upate witiri: 360,360, 180,180, 90,090, 45,045. Ni mara nne, kwa hiyo andika 2⁴ pembeni sasa hivi, usingoje mwisho.

Hatua ya 2. Jumlisha tarakimu za 45,045. Unapata 18, na 18 inagawanyika kwa 9, basi hata namba yenyewe inagawanyika. Igawe kwa 9, yaani 3², inabaki 5,005. Gawa tena kwa 5, inabaki 1,001.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye utamu. 1,001 ni 7 × 11 × 13, zote namba tasa. Ikariri hiyo! Ukiandika namba yoyote ya tarakimu tatu mara mbili mfululizo, tayari umeizidisha kwa 1,001. Chukua msimbo wetu wa simu: 254,254 ni 254 × 1,001, kwa hiyo 13 imo humo hata kabla hujagawa.

Basi 720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13.

Hatua ya 4. Ongeza 1 kwa kila kipeo (ile namba ndogo ya juu; isipoandikwa ni 1), halafu zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Hivyo ndivyo vigawo vyake, na hakuna namba ndogo kuliko hii inayovifikisha. Srinivasa Ramanujan wa India alizichambua namba za jamii hii katika makala yake ya mwaka 1915. Tena, hii ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote) ya namba zote kuanzia 1 hadi 16.

MASWALI

Kayole: Mwalimu, hiyo 1 ya kuongeza inatoka wapi?
– Kigawo kinaweza kubeba 2 mara nne, tatu, mbili, moja, au kisiibebe kabisa. Hizo ni njia tano. Watu husahau ile ya kutoibeba.

Githurai: Na 254,254 nayo ina vigawo 240?
– Wapi! 254 ni 2 × 127, na 127 ni tasa. Una tasa tano, kila moja mara moja: vigawo 32 tu. Sura zinafanana, mali mbalimbali.

Umoja: Je, 17 inaingia kwenye 720,720?
– Haiingii, inabaki 5. Ukiitaka, zidisha yote kwa 17 upate 12,252,240.

Rongai: Mwalimu, samahani, 720,720 ni mraba kamili?
– Hapana, 5 imetokea mara moja tu. Ila umegusa pazuri. 849 × 849 ni 720,801, imezidi kwa 81, yaani 9 × 9. Kwa hiyo 720,720 = 849² − 9² = (849 − 9)(849 + 9) = 840 × 858. Zidisha kwa mkono uhakikishe.