Namna ya Kudai Sera Bora za Kilimo Katika Kaunti Yako

Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima mabaki ya dawa katika asilimia 10 ya shehena za mishiri na njegere zilizotoka Kenya, na wakulima waliotegemea soko hilo wakalazimika kubadili dawa walizotumia, kuweka rekodi na kuheshimu muda wa kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna. Mabadiliko hayo hayakuletwa na wanunuzi waliochagua mboga kwa makini dukani, bali na kanuni iliyoandikwa na kusimamiwa. Nyanya na sukuma wiki tunazonunua sisi kwa mama mboga hazijapata ulinzi wa namna hiyo, na ndiyo maana mtu anayejali anachokula, pamoja na udongo na maji kinakotoka, anapaswa kuupeleka ujumbe wake mahali kanuni zinapotungwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa msingi: Kifungu cha 42 kinamhakikishia mazingira safi, cha 43 chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na cha 46 haki za mtumiaji wa bidhaa.

Anza kwa kuchagua jambo moja na kujua ni la nani. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, sera ya kilimo iko mikononi mwa serikali ya kitaifa, lakini kilimo chenyewe, masoko na huduma za maafisa wa kilimo wa nyanjani ni kazi ya kaunti. Usajili wa dawa ni wa Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, kwa hiyo anayetaka dawa fulani ipigwe marufuku atapoteza muda kwa gavana. Mlango wake ni bodi hiyo au Bunge la Taifa, ambako mwaka 2019 Gladys Boss Shollei, Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, aliwasilisha ombi la kutaka dawa hatari ziondolewe sokoni. Hoja za aina hiyo zina uzito. Mancozeb, dawa ya ukungu inayoacha vumbi jeupe kwenye ngozi ya nyanya, ilinyimwa idhini mpya na Umoja wa Ulaya mwaka 2020.

Kabla ya kudai chochote, uliza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuiandikia ofisi ya umma na kupata jibu ndani ya siku 21. Iandikie idara ya kilimo ya kaunti yako uulize ina maafisa wangapi wa nyanjani, ni lini mboga za soko la mjini zilipimwa mabaki ya dawa kwa mara ya mwisho, na bajeti ya mwaka huu imetenga kiasi gani kwa mbolea za viwandani na kiasi gani kwa mboji na utunzaji wa udongo. Majibu hayo, hata yakiwa mafupi, yatakuwa ushahidi wako. Na ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Jambo linalowaangusha wengi ni kalenda. Watu hujitokeza kwenye vikao vya umma mwezi wa Mei, wakati makadirio ya bajeti yamekwisha kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili na nafasi ya kuingiza jambo jipya imebaki ndogo sana. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge hilo kufikia tarehe 1 Septemba, karibu miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha kuanza, na taarifa ya mwelekeo wa fedha kufikia tarehe 28 Februari. Peleka maandishi yako mwezi wa Julai au Agosti, wakati mpango bado unaandikwa.

Ikiwa idara haikusikii, liombe bunge la kaunti, haki inayotolewa na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Fuata utaratibu uliowekwa kwa maombi ya Bunge la Taifa: andika kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta; likabidhi kwa karani wa bunge; eleza hatua ulizokwisha kuchukua na kama jambo liko mahakamani; kisha weka majina, anwani, nambari za kitambulisho na sahihi. Sehemu inayostahili jasho lako ni ombi lenyewe la mwishoni. “Tunataka chakula salama” ni kauli ambayo kamati itaikubali kwa moyo mkunjufu na kuiweka kando. Andika hivi: “Tunaliomba bunge lielekeze kwamba, kuanzia mwaka ujao wa fedha, mboga zinazopikiwa wagonjwa katika hospitali za kaunti zinunuliwe kutoka kwa vikundi vya wakulima vinavyoweka daftari la dawa kwa kufuata KS 1758, kiwango cha Kenya cha kilimo cha mboga na matunda, na kwamba zitengwe fedha za kuwafunza wakulima hao.” Kaunti ni mnunuzi mkubwa wa chakula, na kikundi chenye soko la uhakika kina sababu ya kubadilika.

Msiende peke yenu kama wanunuzi. Mkulima wa robo ekari hupiga dawa aliyoshauriwa na mwenye duka la agroveti kwa sababu hakuna afisa aliyemfikia, na ni dhuluma kumtwika yeye na mama mboga gharama ya mageuzi. Tafuteni sahihi zao, na muwasikilize kabla ya kuandika. Tajeni pia yaliyokwisha kufanyika: Murang’a ilipitisha sera yake ya kilimo ikolojia, yaani kilimo kinachotunza udongo na mazingira na kupunguza kemikali, mwaka 2022, na serikali ya kitaifa ina mkakati wa kilimo hicho wa mwaka 2024 hadi 2033, ambao kaunti yenu inaweza kuulizwa inautekelezaje.

Ombi likipokelewa, hifadhi nakala yenye muhuri, ulizia limepelekwa kwa kamati gani, na umwombe mwakilishi wadi wako aulizie ripoti yake bungeni.