Unataka kura zihesabiwe upya? Anza usiku huohuo, ukiwa kituoni

Watu wengi hapa Nairobi wakikataa matokeo wanakimbilia polisi, ama wanapigia IEBC (tume ya uchaguzi) kelele ifungue masanduku, na wakati wanazunguka hivyo siku zinayoyoma. Mlango wa kwanza ni presaiding ofisa, yaani msimamizi wa kituo chako, usiku uleule wa kuhesabu.

Ukiwa ajenti, yaani mwakilishi wa mgombea au chama kituoni, kaa mahali unaona kila karatasi. Sheria inataka kila kura isomwe na maajenti waonyeshwe, kwa hivyo ikipita kabla hujaiona sema "sijaona", sema hata mara kumi. Mimi 2022 nilikuwa kwa darasa la shule moja ya msingi huku Eastlands, saa nane usiku, makarani macho mekundu kwa uchovu, nikaona rundo la mgombea wetu ni jembamba na mistari niliyopiga kwa daftari, mmoja kwa kila kura yake, ni mingi. Nikaomba zirudiwe. Kura 31 zilikuwa zimelala chini ya rundo la mgombea mwingine! Dakika 40 tukamaliza.

Kuomba hivyo ni haki ya mgombea au ajenti aliyekuwepo kuhesabu kukiisha, na presaiding ofisa pia anaweza kurudia bila kuombwa, lakini kisheria hazirudiwi zaidi ya mara mbili, so omba ukiwa na sababu ya kuonyesha. Omba kabla hujasaini fomu ya matokeo. Kama hukubali fomu, andika kwa nini, maana kutosaini peke yake hakufuti matokeo. Halafu piga picha ya ile fomu inabandikwa mlangoni, kwa urais ni 34A. Tangu Court of Appeal (mahakama ya rufaa) iamue kesi ya mwanaharakati Maina Kiai 2017, matokeo ya urais ya kituo ndiyo ya mwisho, hakuna mtu wa tallying (kujumlisha matokeo ya vituo) anaruhusiwa kuyabadilisha huko mbele.

Ukishatoka kituoni na matokeo yakatangazwa, mwenye nguvu ya kuamuru sanduku lifunguliwe zihesabiwe upya ni korti. Petisheni (kesi ya kupinga matokeo) ya urais ni siku 7, inaenda Supreme Court, mahakama ya juu kabisa. Viti vingine ni siku 28, na lazima uweke dhamana: shilingi 1,000,000 urais, 500,000 gavana au mbunge, 100,000 MCA (mwakilishi wa wadi). Hizo pesa ndizo zinakwamisha mwananchi wa kawaida, na mimi naona ni mzigo mkubwa sana kwa mtu anatafuta haki.

Ukifika huko usiseme tu "kura ziliibiwa kila mahali". Taja vituo, taja fomu gani hazilingani. Kesi ya Munya ya ugavana wa Meru 2014, Supreme Court ilisema wazi lazima uweke msingi na vituo vijulikane, korti haikufungulii masanduku uende kuvua ushahidi. Hata 2022 kwa urais ilikubali masanduku ya vituo vichache tu, Registrar (msajili wa korti) akisimamia na maajenti wa pande zote wakiwa hapo.

DCI, wapelelezi wa polisi, je? Wanachunguza makosa ya jinai, kama fomu imeghushiwa ama ofisa amehongwa, na ODPP (ofisi ya mkuu wa mashtaka) inaamua kama kuna kesi. Peleka ripoti na uchukue OB namba (namba ya ripoti yako kwa kitabu cha polisi), lakini faili hiyo inaweza kufunga mtu jela, kura haizihesabu, so usiingojee siku 28 zikikuishia.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Kama chama kimekupa kazi ya uajenti, nunua daftari na kalamu mbili, na simu uende nayo imejaa chaji.