Kufuatilia jina adimu la ukoo la Kiingereza: Birtwistle lilivyonitoa jasho

Dada mmoja wa Tanga aliyeolewa Lancashire, Uingereza, alinipigia simu akicheka na kulalamika papo hapo. Wanawe wanaitwa Birtwistle. Bibi yao kule Tanga ulimi umemgomea, anasema "Betiwiso", na kila wakizungumza anauliza swali lilelile: jina hilo maana yake nini? Baba watoto naye hajui. "Mdogo wangu," akaniambia, "wewe si ndiye unayeshinda kwenye makaratasi ya kale? Hebu nitafutie."

Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Ilinila siku tatu, na mbili kati ya hizo zilipotelea kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 1: Usilifasiri jina kwa macho

Kila mtu huanza kwa kulikatakata jina kwa Kiingereza cha leo. Ukilitamka Birtwistle haraka unasikia ndege, unasikia mbinja, basi unahitimisha kwamba babu yao alipiga mbinja kama ndege. Wapo hata wenye jina hili wanaoliandika Birtwhistle, na h ndani, kwa sababu sikio la mtu fulani zamani lilisikia mbinja hiyohiyo. Achana nayo.

Majina ya ukoo ya Kiingereza kwa sehemu kubwa ni ya aina nne: la mahali, la baba, la kazi au la utani. Kujua aina, litafutie ndugu zake. Birtwistle ana Entwistle, Oswaldtwistle, Extwistle na Tintwistle, na yote hayo ni majina ya mahali, ndani ya Lancashire au jirani yake. Kipande kinachojirudia ndicho kilichobeba habari. Kwa Kiingereza cha kale *twisla* ni panda ya mto, pale mito miwili inapokutana. *Bridd* ni kinda la ndege. Ndege kwa jumla aliitwa *fugol*. Baadaye r ikaruka irabu, *bridd* ikawa *bird*, na jina la kinda likapewa ndege wote. Kwa hiyo tunapata panda ya mto yenye makinda. Ndege yumo kweli, ila mbinja haimo.

Hatua ya 2: Kamusi

Tumia kamusi ya majina ya familia ya Uingereza na Ireland iliyotolewa na Oxford mwaka 2016. Ni juzuu nne, majina zaidi ya 45,000, na kila jina limewekewa mifano ya kale ya tahajia. Kama unaishi Uingereza, ulizia maktaba ya mtaani kwako, maana nyingi huwaruhusu wenye kadi kuisoma mtandaoni bure.

Zile tovuti zinazokuuzia "nembo ya ukoo wako" kwenye kikombe, zifunge. Kwa sheria ya Uingereza nembo hupewa mtu na kurithiwa na kizazi chake. Haipewi jina. Kuitwa jina moja na bwana mwenye nembo hakukupi haki ya kuitundika ukutani.

Hatua ya 3: Kipate mahali penyewe

Birtwistle palikuwa upande wa Hapton, karibu na Padiham, mashariki mwa Lancashire. Usihangaike kupatafuta kama kijiji kwenye ramani ya simu, hakipo tena.

Jambo moja huwachanganya watu: aliyeitwa kwa jina la mahali kwa kawaida ni yule aliyepahama. Mpemba haitwi Mpemba akiwa Pemba, huitwa hivyo akifika Tanga.

Hatua ya 4: Tahajia, penye siku zangu mbili

Fungua tovuti za FreeBMD (vizazi, ndoa na vifo kuanzia Julai 1837, usajili wa serikali ulipoanza), FamilySearch, na Lancashire OnLine Parish Clerks kwa vitabu vya parokia. Zote ni bure. Vitabu vya parokia viliamriwa mwaka 1538, ingawa si kila kanisa lina vitabu vilivyosalimika tangu hapo.

Mimi niliandika Birtwistle kama lilivyo, nikabonyeza, nikapata familia safi kabisa hadi mwanzo wa karne ya 19. Nyuma yake, kimya. Nikaamini walihamia kutoka kwingine, nikapoteza siku nzima nikiwatafuta Yorkshire. Walikuwa hapohapo, ila wameandikwa vingine.

Karani wa kanisa aliandika alichosikia, na wazazi wengi hawakujua kusoma ili wamsahihishe. Tafuta Birtwisle, Burtwistle, Bertwistle, Birdwhistle, Britwistle. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na tahajia mbili katika kitabu kimoja.

Baada ya hapo nikawasha utafutaji wa sauti, ule uitwao Soundex. Usiufanye kwa jina hili! Soundex hubakiza herufi ya kwanza na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu tatu, kisha huacha zilizobaki. Birtwistle inakuwa B632. Bradshaw nayo ni B632, na Bradshaw wamejaa Lancashire kama dagaa sokoni. Nilipitisha kurasa na kurasa za Bradshaw hadi macho yakaingia ukungu.

Kinachofaa ni alama ya nyota, inayosimama badala ya herufi zozote. Andika B\*tw\*s\*l\*. Hiyo inanasa karibu zote zenye t. Kisha rudia na B\*dw\*s\*l\* kwa zile zenye d. Tovuti nyingine hukataa nyota kabla ya herufi tatu za mwanzo, hapo huna budi kuandika Bir\*, Bur\*, Ber\* na Bri\*, moja baada ya nyingine. Inachosha. Pika chai kwanza.

Hata hivyo bado kuna mtego. Hadi mwishoni mwa karne ya 18 waandishi walitumia s ndefu katikati ya neno, ſ, inayofanana mno na f. Anayenakili kwa kompyuta leo huiona f. Ndoa niliyoitafuta kwa siku mbili ilikuwa imenakiliwa "Birtwiftle". Nilipofungua picha ya ukurasa wenyewe, pale chini bwana harusi ameweka alama ya X badala ya sahihi, na karani amemwandikia jina pembeni yake, s ndefu ikiwa imeinama kama ndoano. Kwa hiyo ongeza B\*tw\*f\*l\*, na usimwamini mnakili kabla ya kuona picha.

Hatua ya 5: Jina limeenea wapi

Tafuta ramani ya majina iliyochorwa kwa sensa ya 1881. Angalia uwiano kwa idadi ya wakazi, si hesabu ya vichwa, la sivyo kila jina litaonekana ni la London. Birtwistle linang'ang'ania miji ya pamba ya mashariki mwa Lancashire, jirani kabisa na pale lilipozaliwa. Mwenye jina hili anayejulikana zaidi, mtunzi wa muziki Harrison Birtwistle, alizaliwa Accrington mwaka 1934, kilomita chache tu kutoka Padiham.

Ukifuatilia karne ya 20, jua kwamba sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Sajili ya 1939, orodha ya wakazi iliyoandikwa vita vilipoanza, ndiyo inayoziba pengo.

Hatua ya 6: Vinasaba, ukipenda

Jina likiwa adimu, uwezekano ni mkubwa zaidi kwamba wanaume wanaolibeba wana babu mmoja. Lakini jiandae kwa lolote. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walipima wanaume 18 wenye jina moja adimu la Yorkshire, wakakuta 7 wana kromosomu Y, ile ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume, ya ukoo wa Afrika Magharibi. Weupe pepepe, na hawakuwa na habari.

Baba watoto hakutaka kupimwa. Tukaishia hatua ya 5, nikamtumia dada maelezo, naye akampigia mama yake. Bibi alisikiliza yote, mito miwili, makinda, kijiji kilichopotea, kisha akauliza kama basi la Moshi linapita hapo.

"Mama, ni Uingereza."

"Nimekusikia. Si ni Njiapanda tu, tena ya maji? Sasa kwa nini hamkusema tangu mwanzo?"