Taarifa za utambulisho za kufungulia TFSA nchini Kanada

TFSA ni akaunti ya akiba isiyotozwa kodi, iliyoanza mwaka 2009. Benki ikikufungulia huisajili kwa mamlaka ya mapato, CRA, na hapo ndipo taarifa zisizolingana huleta shida.

Kinachotakiwa hasa ni namba ya bima ya jamii, SIN, yenye tarakimu 9, tarehe ya kuzaliwa na jina kamili. Benki pia itataka anwani ya makazi na kitambulisho cha serikali chenye picha ambacho hakijaisha muda: pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya ukaazi wa kudumu.

Andika jina kama lilivyo kwenye kumbukumbu za SIN, hata kama wewe hujitambulisha kwa majina mawili na pale yameandikwa matatu. Tarehe iandike kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. 04/07 husomwa Aprili na mwingine, Julai na mwingine. SIN au tarehe ikikosewa, CRA inaweza kukataa usajili, na faida ya akaunti itatozwa kodi.

SIN inayoanza na 9 ni ya muda na ina tarehe ya kuisha, kwa hiyo kama imeisha, ihuishe kwanza.

Umri ni miaka 18, ila mikoa kama British Columbia hungoja 19. Mgeni asihesabu kiwango cha kuweka tangu 2009: chake huanza mwaka alipoanza kuwa mkaazi wa Kanada. Kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 7,000. Ukizidisha, hulipa 1% ya ziada hiyo kila mwezi.