Namna ya kumpata mhadhiri wa kufundisha matumizi salama ya AI kwenye afya

Wakuu, kama idara yenu imeshapitisha kozi ya AI kwenye afya na sasa mnatafuta wa kuifundisha, naomba msikimbilie kuandika tangazo. Kaeni kwanza mjibu nani anakuja kukaa darasani. Ni wanafunzi wa udaktari, manesi wanaorudi kusoma huku wanaingia shifti, wafamasia, au vijana wa kompyuta wanaotaka kutengeneza programu za hospitali? Manake mwalimu anayewafaa vijana wa kompyuta anaweza akawachosha manesi ndani ya nusu saa, na yule wa manesi anaweza akakosa cha kuwaambia wale wengine wakitaka kujua modeli, yaani programu inayojifunza kwenye data, inafundishwaje. Mkishakubaliana hapo nusu ya tangazo imeshajiandika.

Kwenye tangazo lenyewe kosa kubwa ninaloliona ni kutafuta mtu mmoja awe daktari, mtaalamu wa data, mwanasheria na mwalimu wa maadili. Huyo mtu hayupo, na akiwepo bajeti yenu haimuwezi. Andikeni kazi atakazofanya: atafundisha saa ngapi kwa wiki, atasimamia mafunzo ya vitendo hospitali gani, atatunga mitihani, na atagawana vipindi na nani. Mi nashauri wawili, mmoja aliyefanya kazi wodini na mmoja wa data, waingie darasani pamoja angalau kwa vipindi vile vigumu. Kama pesa inatosha mmoja tu, chukueni yule aliyewahi kuhudumia wagonjwa na anaelewa takwimu vizuri, wa kuandika programu ataalikwa kwa vipindi vichache. Kwa Tanzania kumbukeni nafasi za kitaaluma zina vigezo vya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), na ajira za serikali zina njia yake ya Ajira Portal, ule mfumo wa kuomba kazi mtandaoni, kwa hiyo ongeeni na watu wa utumishi mapema, msije mkampenda mtu halafu karatasi zikamkataa.

Sasa usaili, na hapa ndo pa kutumia nguvu zenu zote. Sivii itawaambia mtu ameandika nini, haiwaambii kama anaweza kumfanya tabibu wa zahanati aikatalie mashine pale inapokosea. Mpeni somo la mfano la dakika 30, mbele ya wanafunzi na manesi wa kweli, na kesi mchague nyinyi.

Kesi ninayoipendekeza ni ya sepsisi. Kampuni ya Epic ya Marekani ina programu inayotabiri nani atapata sepsisi, yale maambukizi yanayofikia kufelisha viungo vya mwili, na ilikuwa imeshasambaa kwenye mamia ya hospitali. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakatoa matokeo ya kuipima kwa wagonjwa wa hospitali yao: katika waliopata sepsisi iliwakamata asilimia 33 tu, katika wasio nayo ilikaa kimya kwa asilimia 83, na wenye sepsisi walikuwa kama asilimia 7 ya waliolazwa. Mpe msailiwa hizo namba tatu na chaki, bila slaidi, mwambie awafundishe manesi maana yake wodini.

Anayejua kazi atawaweka wagonjwa 1,000 ubaoni. Wenye sepsisi 70, mashine inawaona 23, inawapita 47. Waliobaki ni 930, hawana sepsisi, lakini 158 kati yao mashine inawapigia kengele. Jumla kengele 181 na za kweli 23, yaani nesi anakimbilia vitanda kama vinane ili amkute mgonjwa mmoja. Halafu mwalimu mzuri hataishia kwenye hesabu, atageuka aulize darasa: usiku nesi yuko peke yake na wodi nzima, zimeshalia saba za bure, ya nane ataiitikia? Na wale 47 ambao hawakupigiwa kengele yoyote, nani anawaangalia? Hapo utaona manesi wanaanza kujibizana wenyewe, na ndo unajua umempata mwalimu. Ila akiwasomea maana ya maneno ya kitakwimu moja baada ya nyingine, muulizeni swali la kumsaidia kidogo, akirudi palepale mshukuruni aende.

Baada ya hapo maswali ya mdomo. Mwaka 2019 mtafiti Ziad Obermeyer na wenzake walionyesha kwamba programu moja iliyotumika sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada ilipima uhitaji kwa gharama za matibabu, na kwa kuwa pesa iliyotumika kuwatibu watu weusi ilikuwa ndogo kwa ugonjwa uleule, mashine ikawaona wana nafuu kuliko hali yao. Wasailiwa wengi watakuwa wanaijua hii. Nyinyi muulizeni: ukifundisha modeli kwa madai ya bima ya hapa kwetu, nani hataonekana? Namtarajia amtaje mama asiye na bima anayenunua dawa duka la dawa muhimu na kurudi nyumbani, ambaye kwenye data hayupo kabisa, kwa hiyo mashine itamuona mzima.

Muulizeni pia ya Nairobi, kwa sababu anayeponda kila kitu naye hafai. Mwaka 2025 Penda Health, wenye kliniki za Nairobi, pamoja na OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, walitoa matokeo ya msaidizi wa AI kwenye kliniki 15, mahudhurio karibu 40,000, na matabibu waliokuwa nao walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Msikilizeni anaisomaje. Akisifia tu, hapana. Mzuri atasema walioipima ni pamoja na walioitengeneza, kwamba matabibu walielekezwa na kufuatiliwa kwa karibu na hawakuachiwa tu programu, na kwamba upande wa wagonjwa wenyewe kuripoti nafuu tofauti ya uhakika haikuonekana. Halafu bado atakubali kwamba ni kazi ya maana.

Sheria msiiache. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019 na ya afya ya kidijitali ya 2023. Msimtake akariri vifungu. Mpeni hili: mwanafunzi amepiga picha faili la mgonjwa, amefuta jina, ameibandika ChatGPT aulize dozi. Kama jibu lake linaishia kwenye jina, bado, kwa sababu kijiji, tarehe ya kulazwa na ugonjwa adimu vinatosha kumtambulisha mtu kwa jirani zake.

Waombeni wote wataje kwa maandishi kampuni za AI zinazowalipa au walizo na hisa. Kuwa nazo sio dhambi, kuficha ndo tatizo, manake mwalimu atachagua mifano ya darasani na wanafunzi watatoka wakiamini bidhaa fulani.

Mkimpata, mkataba wa kwanza uwe wa muhula mmoja, uwe na nauli na saa za kwenda hospitali zikiwa zimeandikwa, sio ahadi za mdomo. Mwisho wa muhula, zaidi ya ile fomu ya kuuliza wanafunzi kama mwalimu anaeleweka, wapeni ile hesabu ya sepsisi yenye namba nyingine waifanye wenyewe na waandike wangemshauri nini mganga mfawidhi. Nusu ya darasa wakikwama, mkae na mwalimu muangalie alifundisha wapi na kwa saa ngapi, kabla hamjasaini mkataba wa pili.